Kurushiana Nyimbo: Bluetooth Ilivyoingia Vijijini Songwe

Bluetooth ilibuniwa ili kuondoa waya kati ya simu na vifaa vyake. Vijijini Tanzania, pamoja na Itaka wilayani Mbozi, mkoani Songwe, watu wengi waliijua kwanza kwa kazi tofauti: kurushiana nyimbo.

Utafiti wake ulianza mwaka 1994 katika kampuni ya Ericsson, mjini Lund, Sweden, na mhandisi Mholanzi Jaap Haartsen alikuwa miongoni mwa wabunifu wakuu. Mwaka 1998 Ericsson, Nokia, Intel, IBM na Toshiba waliunda umoja wa kuisimamia, na toleo la kwanza likatoka mwaka 1999.

Kabla yake simu zilirushiana mafaili kwa miale ya infraredi. Ilibidi ziwekwe zikitazamana, na moja ikisogezwa kazi inakatika. Bluetooth hutumia mawimbi ya redio ya gigahetzi 2.4. Katika mfumo wake wa awali mawimbi hayo huhama kati ya chaneli 79, mara 1,600 kwa sekunde, ili yasivurugwe na mengine. Simu inaweza kubaki mfukoni, mradi umbali usizidi mita 10 hivi.

Urahisi huo ulikuwa na uzito mkubwa kwa wakulima wa kahawa wa Mbozi na vijana wao. Nyimbo zilikuwa zikiwafikia kwa redio na kaseti, na Seacom, kebo ya intaneti ya chini ya bahari, haikufika Dar es Salaam hadi Julai 2009. Kupakua wimbo kwa simu kulikuwa ghali. Kwa Bluetooth, wimbo wa megabaiti 4 ulirushwa kwa takriban dakika moja, bila vocha. Aliyeweka nyimbo kwenye memori kadi kibandani Tunduma, mji wa mpakani zinakopita barabara kuu ya Zambia na reli ya TAZARA, aliweza kuwagawia wenzake kijijini, nao wakawarushia wengine. Mwanzoni simu mbili zilihitaji namba ya siri inayofanana, mara nyingi 0000 au 1234; toleo la mwaka 2007 lilirahisisha hatua hiyo.

Hasara ilimwangukia msanii. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, iliyoanzisha COSOTA, chombo cha kusimamia hakimiliki, ilimlinda kwenye karatasi tu. Kaseti iliponunuliwa, angalau palikuwa na bidhaa ya kuhesabu. Lakini wimbo uliorushwa kutoka simu hadi simu haukuacha risiti wala malipo, na hilo lilikuwa dhuluma halisi kwa waliotunga na kurekodi.

Simujanja za bei nafuu zilipoenea, kurushiana kulihamia WhatsApp na programu kama Xender, ambayo hutumia Wi-Fi na hivyo huenda kasi zaidi. Bluetooth ikarudi kwenye kazi iliyokusudiwa: kuunganisha simu na spika, vifaa vya masikioni, redio za magari na sabufa za saluni na vibanda. Sabufa nyingi hupokea simu moja kwa wakati mmoja, kwa hiyo mwenye wimbo mpya husubiri ya mwenzake ikatwe kwanza.