Mipaka Ndani ya Diski

Kompyuta ya mtumba haiji tupu. Iwe imeshushwa bandarini Dar es Salaam ikapanda lori hadi Gitega na Muyinga nchini Burundi, au imebebwa na mgeni wa misheni mpaka Mutoyi, diski yake ina mipaka iliyochorwa na mtu mwingine: kipande kidogo cha kuwashia, kikubwa chenye Windows ya Kifaransa au Kijerumani, na kingine mwishoni ambacho mtengenezaji alikificha. Fundi akiandika amri ya lsblk kwenye skrini nyeusi, anaviona vyote kwa mistari michache. Mipaka hiyo ina historia yake, na karibu yote ni historia ya watu waliodhani wameacha nafasi ya kutosha.

Mwaka 1956 IBM ilitoa RAMAC na diski yake: sahani 50 zenye upana wa inchi 24, zikibeba herufi milioni 5. Machi 1983 kampuni hiyohiyo ikaanza kuuza PC XT, yenye diski ya megabaiti 10 iliyokaa ndani ya sanduku la mezani, na PC DOS 2.0 iliyokuja na programu ndogo ya kugawa diski iitwayo fdisk. Nia ilikuwa mwenye mashine aweze kuweka DOS upande mmoja na mfumo endeshi mwingine, kama CP/M-86 au Xenix, upande wa pili. Wahandisi wakatumia sekta ya kwanza kabisa ya diski, baiti 512 tu. Baiti 446 zikawa za msimbo wa kuwashia, 64 za jedwali la mipaka, mbili za mwisho alama ya uthibitisho. Kila patisheni, yaani kipande chenye mpaka wake, ilidai baiti 16. Gawa 64 kwa 16, unapata nne, na nne hiyo ikatawala kompyuta za aina ya PC dunia nzima kwa karibu miaka thelathini.

Kwenye milima ya Burundi, baba akiwagawia wanawe shamba, mpaka huwa ua wa minyaa au mstari wa migomba. Ukiung'oa ua huo, mihogo iliyo ndani haing'oki. Jedwali la diski ni ua wa namna hiyo. Ukifuta patisheni kwa fdisk, umefuta baiti 16 tu. Picha, barua na daftari za wagonjwa bado zipo palepale zilipokuwa, zikisubiri mtu aandike juu yake. Ndiyo maana programu kama TestDisk, kazi ya Mfaransa Christophe Grenier, huweza kuipitia diski sekta kwa sekta na kuutambua mpaka wa zamani. Na ndiyo maana fundi mwenye busara, akigundua kwamba amefuta kipande kisicho chake, huondoa mkono kwenye kibodi kwanza.

Enzi za DOS mipaka iligombana na ukubwa. Patisheni moja haikuvuka megabaiti 32. Mwaka 1987 DOS 3.3 ikaleta ujanja wa patisheni kubwa inayobeba nyingine ndani yake, na hivyo ile nne ikakwepwa bila kuvunjwa. Baadaye gigabaiti 2 zikawa ukuta mpya, hadi mfumo wa faili wa FAT32 wa mwaka 1996.

Afrika Mashariki iliingia katika mchezo huo kwa kusuasua. Tanzania, iliyofunga kompyuta yake ya kwanza Wizara ya Fedha mwaka 1965, ilipiga marufuku uagizaji wa kompyuta mwaka 1974. Kizazi cha mafundi kilichokuja baada ya milango kufunguka kilijifunza kwenye mashine chakavu. Kwa maoni yangu shule hiyo ilikuwa nzuri, maana mashine chakavu humlazimisha mtu kuifungua.

Kisha ikaja Linux. Linus Torvalds mwenyewe, akiijenga Helsinki, alikosea jina la kifaa: alitaka kupiga simu kwa modemu, badala yake akaipeleka amri kwenye diski na kuiharibu patisheni yake ya mfumo endeshi wa Minix. Tangu mwaka 2000 warsha za AfNOG ziliwafundisha wahandisi wa mitandao wa Afrika kwa FreeBSD, mfumo mwingine huria, na kwa miaka kadhaa hadi 2011 Ubuntu, toleo mojawapo la Linux, ilituma sidii za bure kwa posta kwa yeyote aliyeomba. Dar es Salaam, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ofisi nzima kwa Kiswahili. Lakini amri za diski zilibaki vilevile.

Tofauti za tabia kati ya zana za kugawa diski zina uzito. Fdisk ya Linux hukuacha uchore na kufuta upendavyo, na diski haiguswi mpaka ubonyeze w. Parted, iliyoanzishwa na Andrew Clausen na Lennert Buytenhek, hutekeleza kila amri papo hapo. Mzoefu wa ya kwanza akihamia ya pili bila kujua, anaumia. Kupunguza patisheni ya ext4 kuna mpangilio: kwanza resize2fs ipunguze mfumo wa faili ulio ndani, ndipo mpaka usogezwe; kupanua ni kinyume chake. Na katika nchi kama Burundi, ambako umeme wa gridi haufiki kwa wengi na hukatika kwa waliofikiwa, resize2fs inayohamisha data haianzishwi bila betri. Kuandika jedwali ni kufumba na kufumbua. Kuhamisha gigabaiti mia si hivyo.

Ukuta wa mwisho ulikuwa wa tarakimu. Jedwali la 1983 lilihesabu sekta kwa biti 32, yaani terabaiti 2 na kidogo, na mwaka 2010 diski za terabaiti 3 zilifika sokoni. Jawabu, jedwali jipya liitwalo GPT, lilikuwa tayari: kwa kawaida nafasi 128, nakala ya pili ya jedwali mwishoni mwa diski, na hesabu ya kukagua kama kuna kilichoharibika. Fdisk ya Linux yenyewe ilianza kuielewa GPT mwaka 2013.

Jedwali lote, la zamani au jipya, hutolewa kwa amri ya sfdisk --dump likawa mistari michache ya maandishi ya kawaida: mwanzo, ukubwa, aina. Yanaingia kwenye flashi yoyote, hata kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya mfuniko wa seva, na sfdisk huyasoma tena na kuirudisha mipaka ilivyokuwa.