Picha za Majumba ya Sinema na Funzo Lake kwa Walimu

Wahenga walinena kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Hata hivyo, katika kuzitazama picha za kale za majumba ya sinema ya Afrika ya Mashariki, macho peke yake hayatoshi. Hatuna budi kuuliza pia ni nini kilichoachwa nje ya picha. Swali hili latuhusu sana sisi tufundishao Busia na Tororo, ambako majengo mengi ya zamani hubadilishwa matumizi kabla ya kupigwa picha.

Jumba la sinema lina tabia yake. Kwa kuwa ndani lataka giza, halina madirisha mengi. Basi uso wake ndio husema na wapita njia. Huko Unguja, jumba la Royal lilijengwa kwa ramani ya J. H. Sinclair, aliyejulikana kwa kuchanganya matao ya Kiarabu na umbo la Kizungu. Liliteketea kwa moto mwaka 1954. Mwaka uliofuata likafunguliwa Majestic mahali pale pale, nalo likaacha nakshi za kale na kushika mistari iliyonyooka ya mtindo mpya. Mjini Kampala, jumba la Norman lilichukua jina la mwenyewe, Norman Godinho, mfanyabiashara Mgoa. Leo ni kanisa. Ukumbi uliojengwa ili mamia ya watu waelekeze macho mahali pamoja haukupata taabu kupokea mimbari.

Lakini picha ya uso wa jumba haisemi nani aliruhusiwa kuingia. Katika Kenya ya kikoloni, filamu nyingine zilipata kibali kwa sharti kwamba Waafrika wasionyeshwe. Wala picha haisemi ni kwa nini wenye majumba walitoweka. Mwezi wa Agosti 1972, Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke nchini. Tororo, mji wa reli na wa maduka ya Wahindi, ulipoteza kwa mkupuo mmoja wafanyabiashara pamoja na kumbukumbu zao.

Tena kuna sinema isiyokuwa na jumba. Kati ya 1935 na 1937, mradi wa filamu za elimu uliokuwa na makao Vugiri, Tanganyika, ulipeleka gari lake hadi Kenya na Uganda. Usiku ulikuwa ndio paa, na kitambaa cheupe ndicho ukuta. Baadaye vikaja vibanda vya video, ambamo mfasiri huketi kando ya kioo na kuieleza filamu ya kigeni kwa lugha ya watazamaji. Anayetafuta usanifu wa mawe peke yake atadhani miji midogo ya mpakani haikuwa na historia ya sinema. Kumbe ilikuwa nayo, ila ilikaa katika lugha.

Ndugu walimu, tuwatume wanafunzi wetu wa pande zote mbili za mpaka wapige picha za majengo ya kale, kisha wawahoji wazee. Nyuma ya kila picha waandike kwa Kiswahili sanifu: mahali, mwaka, aliyejenga, walioingia, na waliobaki nje. Picha isiyo na maneno hayo ni ukuta tu.