SEHEMU YA 5: Hewa ya kwenye soda na hewa ya kwenye jiko si hewa moja

Kwenye sehemu ya 4 niliandika kuhusu kulala na jiko la mkaa chumbani, na nikasema kinachoua ni "hewa ukaa". Mama mmoja akaniuliza: "Dada nesi, mbona kwenye soda kuna hewa ukaa, tunakunywa na watoto wetu na hatufi?"

Nilisoma swali hilo mara mbili. Yuko sahihi, na mimi nilikosea. Nilitumia jina moja kwa vitu viwili. Kujibu vizuri itabidi nirudi nyuma kidogo, maana hata wanasayansi wakubwa walichanganya hewa hizi kwa miaka mingi. Pikeni chai, ni ndefu.

Tuanze na mkaa wenyewe. Karne ya 17 kule Brussels, daktari Jan Baptist van Helmont alichoma pauni 62 za mkaa akabaki na pauni moja tu ya majivu. Akajiuliza, pauni 61 zimekwenda wapi? Akasema zimeondoka kama kitu kisichoonekana, na akakitungia jina jipya kabisa: gesi. Neno hilo mnalolitumia mkienda kujaza mtungi lilitoka kwa huyu bwana.

Miaka mia moja baadaye, Scotland, kijana Joseph Black alikuwa anasomea udaktari. Alikuwa anatafuta dawa ya mawe ya kwenye kibofu, maana dawa za wakati ule ziliunguza wagonjwa. Katika kazi yake ya mwaka 1754 alionyesha kuwa kuna hewa imefungwa ndani ya baadhi ya mawe na chumvi, na ukichoma au ukitia tindikali inatoka. Akaiita "hewa iliyofungwa". Baadaye akapuliza pumzi yake kwenye maji safi ya chokaa, na maji yakawa meupe kama maziwa. Kumbe hewa ile ile tunaitoa puani kila siku! Hiyo ndiyo hewa ya soda. Joseph Priestley, mchungaji aliyekuwa jirani na kiwanda cha bia pale Leeds, aliona hewa hiyo imetanda juu ya mapipa, akaichanganya na maji, na mwaka 1772 akachapisha maelezo ya kutengeneza maji yenye mapovu. Soda zetu zimeanzia hapo.

Sasa ile nyingine. Mwaka 1776 daktari Mfaransa aitwaye de Lassone alipasha moto mkaa pamoja na oksaidi ya zinki. Ikatoka hewa inayowaka kwa ndimi za bluu. Akadhani ni hidrojeni, kwa sababu hidrojeni nayo huwaka bluu.

Mama zangu, ndimi hizo za bluu mnazijua. Mkaa ukikolea, moshi ukiisha, kunakuwa na vimoto vya bluu vinacheza juu ya makaa. Hiyo ndiyo hewa aliyoishika de Lassone. Na hapo ndipo wengi wetu huingiza jiko ndani, tukisema "moshi umeisha, sasa ni salama". Kinachotokea ni hiki: chini ya jiko mkaa unaungua na kutoa hewa ya soda. Hewa hiyo ikipanda katikati ya makaa mekundu inaunganika na mkaa mwingine na kugeuka kuwa hewa ya pili. Ikifika juu na kukuta oksijeni ya kutosha na joto kali, inaungua bluu. Isipoungua, inabaki humo humo chumbani, haina rangi wala harufu.

Kipindi hicho majina ya vitu vya kemia yalikuwa vurugu tupu. Kila mtu aliita anavyotaka, kwa rangi, kwa mji, kwa jina la aliyegundua. Mwaka 1787 Wafaransa wanne, Guyton de Morveau, Lavoisier, Berthollet na Fourcroy, walitoa kitabu chenye pendekezo rahisi: jina la kitu liseme kimetengenezwa na nini. Ndipo zikaja "oksaidi" na ndugu zake. (Lavoisier ndiye aliyeipa oksijeni jina lake, akimaanisha "inayozaa asidi". Alikosea, zipo asidi zisizo na oksijeni hata kidogo, lakini jina likaganda. Mwaka 1794 akakatwa kichwa kwenye mapinduzi ya Ufaransa.)

Tatizo ni kwamba kusema "kina kaboni na oksijeni" hakutoshi. Mwaka 1800 William Cruickshank, mkemia wa jeshi pale Woolwich, Uingereza, alithibitisha kwamba ile hewa ya bluu si hidrojeni bali ni kaboni na oksijeni tu. Haya, na hewa ya soda? Nayo ni kaboni na oksijeni tu! Viungo vile vile, chungu tofauti.

Aliyefungua fundo ni mwalimu wa Manchester, John Dalton. Alisema vitu vyote ni chembe, atomu, na atomu huungana kwa idadi kamili, moja kwa moja, au moja kwa mbili, hakuna robo wala nusu. Ukichukua kaboni kiasi kile kile, hewa ya soda ina oksijeni mara mbili ya ile ya jikoni. Kwa vipimo vya leo, gramu 12 za kaboni hushika gramu 16 za oksijeni kwenye hewa ya jiko, na gramu 32 kwenye hewa ya soda. Kwa hiyo jina lazima lihesabu. Kwa Kigiriki moja ni mono, mbili ni di, ambayo sisi tunaitamka "dai" au "da". Kaboni monoksaidi: oksijeni moja. Kaboni dayoksaidi: oksijeni mbili. Hewa ukaa ya kwenye soda ni dayoksaidi. Ya jiko inayoua kimya kimya ni monoksaidi.

Mwaka wangu wa kwanza wa diploma nilikariri mono, di, trai, tetra kama wimbo, nikapata C, nikasahau. Hakuna aliyeniambia kwa nini vitu vingine vinahesabiwa na vingine havihesabiwi. Ile dripu ya chumvi tunaita sodiamu kloraidi, hakuna mono wala di. Kwa nini?

Jibu lilikuja mwaka 1916 kwa Mmarekani Gilbert Lewis wa Berkeley. Kwenye chumvi, sodiamu hutoa elektroni moja kabisa, klorini inaichukua. Nimekupa, nenda nayo. Kinachotolewa na kinachopokelewa kinajulikana, hivyo hakuna haja ya kuhesabu. Lakini kaboni na oksijeni hakuna anayekubali kumpa mwenzake moja kwa moja. Wanachangia. Ni kama majirani wawili walionunua sufuria kubwa ya shughuli, kila mmoja katoa nusu. Ukimuuliza huyu anasema sufuria ninayo, na yule anasema ninayo, na wote wanasema kweli. Mwaka 1919 Irving Langmuir akaupa uhusiano huo wa kuchangia jina kovalensi, ndiyo maana shuleni wanaita kifungo cha kovalenti. Na kwa kuwa majirani wale wale wanaweza kuchangia kwa namna zaidi ya moja, jina lisipohesabu hujui unaongelea kundi lipi.

Hata gesi ya kucheka, ambayo nchi nyingine hupewa mama kwenye uchungu wa kujifungua, ni dainitrojini monoksaidi, nitrojini mbili na oksijeni moja. Geuza hesabu, nitrojini moja na oksijeni mbili, unapata sumu ya mapafu.

Turudi chumbani. Kila atomu kati ya hizi hutaka kuwa na elektroni nane nje. Kaboni inakuja na nne, oksijeni inakuja na sita. Kwenye dayoksaidi, kaboni inachangia na oksijeni mbili, jozi mbili huku, jozi mbili kule, zote nne zimekwisha. Haina kilichobaki mkononi. Kwenye monoksaidi wanachangia jozi tatu, na kaboni inabaki na jozi moja haijashika mtu. Jozi hiyo hupenda sana madini ya chuma. Na kwenye damu yetu chuma kimekaa wapi? Kwenye himoglobini, mahali pale pale oksijeni inapopandia.

Mfaransa Claude Bernard aliwavutisha wanyama hewa hii, kisha akashangaa: damu ilikuwa nyekundu ya kung'aa hata kwenye mishipa inayorudi, ambako hutakiwa kuwa nyeusi kidogo. Mwaka 1857 alieleza kwamba hewa hiyo inaifukuza oksijeni na kukaa kiti chake. Inashika zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mwaka 1895 Mskoti John Haldane aliivuta yeye mwenyewe makusudi mpaka zaidi ya nusu ya himoglobini yake ikashikwa, huku akiandika anavyojisikia. Sipendekezi! Mwaka uliofuata akaonyesha kuwa wachimbaji wengi wa makaa ya mawe waliokufa kwenye milipuko hawakuuawa na mlipuko bali na hewa hii. Akashauri wachimbaji washuke na panya au ndege wadogo, maana hao huzimia kabla ya mtu. Uingereza waliwatumia kanari, ndege wa njano, mpaka mwaka 1986.

Wekundu huo wa Bernard ulinichanganya na mimi. Miaka kadhaa nyuma, mkoa wa baridi, tulipokea mama wa siku nne tangu ajifungue. Kichwa kinauma, anatapika, mtoto amelegea hanyonyi. Nikambana kile kifaa kidoleni, kikasoma 98. Nikaandika oksijeni ni nzuri, tukaanza kuwaza malaria. Kifaa kile hutazama wekundu wa damu tu, hakijui aliyekaa kwenye kiti ni oksijeni au monoksaidi. Bibi aliyewasindikiza ndiye aliyesema, "Na mimi kichwa kinaniuma tangu alfajiri. Labda lile jiko tulilomuwekea mtoto." Tukawawekea oksijeni wote watatu. Walirudi nyumbani salama. Sijasahau ile 98.

Dayoksaidi nayo ikijaa sana inaua, shimoni au kisimani, lakini kwa kawaida mwili unahisi: unahema, unatweta, unataka kutoka. Monoksaidi haikuhemeshi hivyo. Unaumwa kichwa, unasinzia, unalala. Kwa mjamzito, mtoto tumboni hushikwa nayo zaidi ya mama na huchelewa kuachiwa.

Kwa hiyo mkiona wawili au watatu chumba kimoja wanaumwa kichwa kwa pamoja, na jiko lilikuwa ndani, fungueni mlango, watoeni nje na mtoto, kisha njooni. Mkifika msisubiri tuwaulize. Semeni "tulikuwa na jiko la mkaa chumbani" kabla hatujawabana kidole.

Yule mama wa soda, asante. Sehemu ya 4 nimeirekebisha.