Mti Ulioandikwa Jina

Kusini ya Kisaki, katika nchi ya Wakutu, palikuwa na kijiji cha njia ya misafara kilichoitwa Behobeho. Kando ya njia hiyo iliwekwa alama ambayo leo haionekani tena. Jumapili hii tunataka kuitafakari alama hiyo.

Mwezi Mei 1879 msafara wenye wapagazi wapatao 150 uliondoka Dar es Salaam. Ulitumwa na Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London, utafute njia itokayo mji huo mpaka ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Kiongozi wake alikuwa Keith Johnston, mchora ramani kutoka Edinburgh, mwenye umri wa miaka 34. Mnyapara wa wapagazi alikuwa James Chuma. Huyu ndiye aliyeuchukua mwili wa David Livingstone, pamoja na Abdullah Susi na wenzao, kutoka bara mpaka Bagamoyo mwaka 1874.

Njiani Johnston alishikwa na ugonjwa wa kuhara damu, na tarehe 28 Juni akafariki Behobeho. Wenzake wakamzika chini ya mti mkubwa, wakachonga jina lake na tarehe ya kifo chake katika gome. Mkuu wa kijiji akaagiza nyasi za mahali pale zifyekwe. Joseph Thomson, kijana wa miaka 21, akashika uongozi. Kwa msaada wa Chuma msafara ukafika Nyasa, ukaendelea hadi Tanganyika, ukarudi pwani mwaka 1880.

Yule aliyefanya kazi ya kuandika mahali pa watu katika ramani, mahali pake mwenyewe pamepotea. Kwa nini? Gome la mti halidumu, lakini hiyo si sababu yote. Alama ile ilitunzwa na mikono ya wanakijiji waliofyeka nyasi kwa ajili ya mgeni ambaye hawakuwa ndugu zake. Siku hizi Behobeho imo ndani ya hifadhi ya wanyama. Kijiji hakipo, na mikono ile haipo. Alama isiyo na mtu wa kuieleza huwa kovu tu juu ya mti.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipita katika nchi hiyo hiyo. Septemba 1916 majeshi yalipigana Kisaki, na tarehe 4 Januari 1917 Kapteni Frederick Selous akauawa Behobeho. Kaburi lake lina jina mpaka leo. Lakini wapagazi waliobeba risasi na unga wa majeshi yale, wakafa kwa njaa na maradhi kwa makumi ya maelfu katika Afrika Mashariki, makaburi yao yako wapi? Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1927, inawataja wapagazi kwa jumla. Haimtaji hata mmoja kwa jina.

Ndugu zetu, Yoshua aliagiza mawe kumi na mawili yatolewe katika Mto Yordani, ili watoto wakiyaona waulize maana yake. Mawe yale yalikuwa na nguvu kwa sababu baba alikuwepo wa kujibu. Na Musa mtumishi wa Mungu, Maandiko yasema kaburi lake halijulikani na mtu. Mungu mwenyewe alimjua.

Neno hili latufariji, lakini halituondolei wajibu. Anayekumbukwa na Mungu hatuna ruhusa ya kumdharau. Leo treni ya TAZARA hupita Kisaki ikielekea kusini-magharibi, ikivuta mizigo ambayo zamani ilikwenda juu ya vichwa vya watu. Ninyi mnaoishi kando ya reli hiyo, na ninyi wa milimani Uluguru, waulizeni wazee wenu wangali hai: katika ukoo wetu ni nani aliyechukuliwa kuwa mpagazi, akaenda asirudi? Yaandikeni majina hayo katika daftari la nyumbani. Yaleteni kanisani mwezi wa Novemba, tunapowaombea marehemu wote, yasomwe kwa sauti.

Hatuwezi kuurudisha mti wa Behobeho. Kufyeka nyasi tunaweza. Mungu awape pumziko wote waliolala njiani. Amina.