Mtoni Ipi?

Mjukuu wangu wa darasa la tano alinifuata barazani na simu ya mama yake mkononi. "Babu, kumbe hapa kwetu palikuwa na jumba la mfalme?" Nikavaa miwani. Alikuwa ameandika "historia ya Mtoni", simu ikamletea jumba la Sultani Sayyid Said, alikozaliwa bintiye Salme mwaka 1844. Jumba hilo ni la kweli na magofu yake yapo hadi leo, ila yako Unguja. Sisi tunakaa Mtoni ya Temeke, karibu na kituo cha Kwa Azizi Ali.

Sikumcheka. Kutafuta habari ni kazi ya kufundishwa, na mimi nilifundishwa kabla sijaiona kompyuta kwa macho. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza mashine hizo nchini. Tulichokuwa nacho ni Maktaba Kuu ya Taifa, iliyofunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967.

Niliingia humo mara ya kwanza mwishoni mwa miaka ya sabini, nikiwa sekondari, baada ya kusimama ndani ya basi la UDA tangu Mtoni hadi mjini. Mwalimu wetu wa darasa alitaka insha juu ya mnazi. Nikakutana na makabati ya kadi: droo ndefu, nyembamba, na kila kadi ina tundu chini lililopitishiwa ufito wa chuma isichomoke. Nikatafuta "madafu", patupu. Nikatafuta "makuti", patupu. Mkutubi mmoja akaniangalia nikihangaika, kisha akasema, "Kijana, unatafuta kwa neno lako. Tafuta kwa neno la aliyeandika kitabu."

Vitabu vyenyewe vilikuwa vya Kiingereza. Tulipokwenda kwenye jina la Kiingereza la nazi, kadi ikatokea na namba inayoanzia 634, ambayo katika mpangilio alioutoa Mmarekani Melvil Dewey mwaka 1876 ni ya miti ya matunda. Nikaenda rafuni, nikarudi na kitabu.

Nilipokuja kuwa mwalimu, somo lile nililihamishia kwenye Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) mwaka 1981. Mtoto akitaka maana ya "kuta" za nyumba, huifungua K, akaangukia kitenzi cha kukutana. Neno lake liko kwenye U, "ukuta". Akitaka "walipigiwa", lazima alimenye kama muhogo, maganda ya mbele na ya nyuma, mpaka libaki "piga". Aliyezoea kumenya maneno hapati taabu popote pa kutafutia.

Mwishoni mwa miaka ya tisini zikaja intaneti kafe za Posta na Kariakoo. Ulilipia muda, na ukurasa ulifunguka taratibu kama mlango wenye kutu, kwa hiyo maneno ya kutafutia uliyaandika nyumbani kwenye karatasi. Julai 2009 mkongo wa intaneti wa SEACOM ukawashwa, kasi ikapanda, baadaye bando likaingia kila mfukoni. Kukosea kukawa hakuna gharama. Nadhani hapo ndipo watoto walipoacha kufikiri kabla ya kuandika. Ni kweli kwamba mashine za leo hujitahidi kubahatisha nia ya mtu, lakini mashine haijui kwamba wewe umekaa baraza gani.

Nikamrudishia mjukuu simu, nikamuuliza: Mtoni ipi? Akasema, "Ya Temeke." Unataka habari ya kitu gani cha hapa? Akafikiri. "Maji, Babu. Pale panapotengenezwa maji." Na anayeandika habari za maji yale angetaja nini? Akatazama upande wa bondeni. "Mto Kizinga!"

Akaandika "Temeke Mtoni mtambo maji Kizinga". Jumba la Sayyid likatoweka, ukaja mtambo wa maji wa Mtoni, unaochota maji ya mto uleule uliolipa jina bonde letu la Kizinga.

Maneno matano, na yote alikuwa nayo kichwani kabla hajaishika simu. Mzazi mwenzangu, mtoto akikuomba simu atafute kazi ya shule, mpe kwanza kalamu na karatasi.