Brashi na Kalamu: Historia Fupi ya Jarida la Pèl & Ploma

Toleo la kwanza la Pèl & Ploma lilitoka Barcelona tarehe 3 Juni 1899. Sisi tunaolienzi tunajua kwamba mimba yake ilitungwa mapema zaidi, mezani, mkahawani.

Mkahawa huo ni Els Quatre Gats, uliofunguliwa Juni 1897 katika mtaa wa Montsió, chini ya jumba la Casa Martí, kazi ya mbunifu kijana Josep Puig i Cadafalch. Waanzilishi wake walikuwa wanne: wachoraji Ramon Casas na Santiago Rusiñol, mwandishi Miquel Utrillo, na Pere Romeu, mwendeshaji wa mkahawa, mrefu na mwembamba kama mlingoti. Jina la mkahawa lina maana ya "Paka Wanne", na Wakatalani husema hivyo watu wanapokuwa wa kuhesabika. Lakini paka hao walijaza ukumbi! Palikuwa na maonyesho ya vivuli, mtindo ambao Romeu na Utrillo waliujua tangu kabareti ya Le Chat Noir ya Paris, na vikaragosi waliotangazwa kwa mabango ya Casas. Katika picha ya kutundikwa ukutani Casas alijichora yeye na Romeu wakiendesha baiskeli ya watu wawili. Kila nikiitazama picha ile naona jarida zima: wawili, chombo kimoja, mwendo mmoja.

Mapema 1899 mkahawa ulitoa jarida lake, Quatre Gats. Baada ya matoleo 15 likapumzika, na nafasi yake ikachukuliwa na Pèl & Ploma. Pèl ni unywele, yaani brashi. Ploma ni unyoya, yaani kalamu. Brashi ilikuwa ya Casas, ambaye pia alitoa fedha. Kalamu ilikuwa ya Utrillo, aliyetia sahihi hata kwa jina la bandia lenye maana ya brashi.

Na mkono wa Casas ulikuwa mkono kweli! Makaa ya kuchorea, rangi kidogo, na sehemu kubwa ya karatasi ikiachwa nyeupe ipumue, kama walivyofundisha wachapaji wa Japani. Mwanamke wa Barcelona, kwa mistari michache tu ya Casas, yuko hai mpaka leo. Oktoba 1899 picha zake za watu mashuhuri zilijaza ukumbi wa Sala Parés. Miezi michache baadaye, Februari 1900, kijana wa miaka 18 alitundika Els Quatre Gats picha zake za makaa za marafiki zake. Ndiye Pablo Picasso, ambaye pia alichora kadi ya vyakula ya mkahawa. Mwaka 1901 Utrillo alimwandikia makala ya heshima, pamoja na picha yake iliyochorwa na Casas. Jarida lilimtambua mapema, na hilo ni fahari yetu.

Biashara haikuwa kipaji cha Romeu, na mwaka 1903 mkahawa ulifungwa. Jarida nalo likafikia mwisho wake mwaka huohuo. Kisha mwaka 1904 Utrillo alianzisha jarida la Forma, mwaka 1908 Romeu alifariki, na mwaka 1909 Casas alitoa michoro yake ya makaa kwa makumbusho ya Barcelona. Ukumbi wa mkahawa ukawa wa chama cha wasanii cha Sant Lluc, na miongo mingi baadaye mkahawa wenye jina lile ukafunguliwa tena palepale. Picha ya baiskeli iko Museu Nacional d'Art de Catalunya, na Casas bado yuko mbele, kiko mdomoni.