Jiwe la Mizani

Tulikuwa wanne mezani hapa Moshi, wote wastaafu, wote tumesoma Chuo cha Ushirika miaka ya 1970. Tulikuwa tumechangishana fedha ili tumtunuku kijana mmoja aliyehitimu hapo miaka ya karibuni na kung'ara kazini. Fomu za vijana zilikuwa kumi na moja. Huyu ni meneja wa tawi la benki, yule ana malori sita, mwingine yuko Nairobi kwenye shirika kubwa. Nilizisoma zote, nikafurahi, maana ni watoto wetu. Lakini swali moja lilinikaa kooni: hawa wamepimwa na nani?

Nauliza hivyo kwa sababu kazi yetu ya ushirika ilizaliwa kwenye mizani. Huku Kilimanjaro wakulima wa kahawa waliungana mwaka 1925, na chama chao kikuu, KNCU, kikaanza mwaka 1933, baada ya sheria ya vyama vya ushirika ya 1932. Usukumani, kwenye pamba ya kandokando ya Ziwa Victoria, mambo yalichelewa. Mkulima alifika na pamba yake, mizani imeshikwa na mnunuzi, na anayeshika mizani ndiye mwenye neno la mwisho. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wakaweka wapimaji wao wasimame pale pale na kusoma mshale. Kijana aliyekuwa mbele katika harakati hizo, Paul Bomani, alikwenda Loughborough, Uingereza, kusomea ushirika. Victoria Federation, muungano wa vyama vya wakulima hao wa pamba, ilipoundwa mwaka 1955 akawa meneja mkuu wake, na umri wake miaka 30. George Kahama wa Bukoba naye alipitia Loughborough, akarudi kuongoza chama kikuu cha kwao hata miaka 30 hajafika. Heshima ya kwanza waliyopewa vijana hao ilikuwa mazao ya watu. Uwaziri ulifuata baadaye, wote wawili kabla ya uhuru.

Chuo chetu kilianza Januari 1963, ili mtu asilazimike kuvuka bahari kujifunza kutunza leja. Na hakikungoja watu wakifuate. Masomo yalitumwa kwa posta na kutangazwa redioni. Baba yangu alikuwa mjumbe wa kamati katika chama chetu cha msingi, na elimu yake ya darasani ilikuwa ndogo. Namkumbuka jioni, taa ya chemli mezani, kijitabu cha posta kimefunguka, anajibu maswali kwa penseli ili akikosea afute. Nikikaribia alikuwa akinisogezea karatasi: "Mama, hebu jumlisha hapa tuone kama tunapatana." Nilikuwa na miaka tisa. Nadhani mimi nilianza chuo siku zile.

Nilirudi kijijini na cheti changu mwaka 1975. Mwaka uliofuata serikali ikavunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima. Kijiji kikageuzwa kuwa ndicho chama, na kahawa ikashikwa na mamlaka ya zao. Sitaki kukaa sana hapo. Niseme tu kwamba kizazi kizima cha vijana waliosomeshwa kuhudumia wakulima kilijikuta hakina wa kumhudumia. Wenzangu wakatawanyika, wengine kwenye mashirika ya umma, wengine kwenye maduka ya ndugu zao. Sheria ya 1982 ilirudisha ushirika, lakini wengi wao hawakurudi.

Mimi nilirudi, nikawa katibu wa chama changu. Ngoja nieleze siku ya kupokea kahawa ilivyokuwa, kwa sababu anayetaka kuwatunuku watu wa kazi hii lazima aione. Wamama wanashuka na magunia kichwani tangu alfajiri. Kahawa imeshamenywa, imeoshwa, imeanikwa, ingali na ganda lake jembamba. Unachota konzi moja, unang'ata punje: ikivunjika kwa mlio imekauka, ikibonyea unamrudishia mwenyewe akaanike tena, na hapo ndipo utatukanwa. Kisha gunia linapanda mizani. Unasoma kilo kwa sauti, unatoa uzito wa gunia tupu, unaandika stakabadhi na nakala yake. Analipwa malipo ya awali. Malipo ya pili atayangoja hadi kahawa ikobolewe na kuuzwa mnadani, na miezi yote hiyo alichonacho mkononi ni kile kipande cha karatasi chenye saini yako.

Tuzo yangu niliipata kwenye mkutano mkuu wa mwaka. Mkaguzi wa COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika, alikuwa amesoma taarifa yake: hati safi. Watu wakapiga makofi kidogo, wengi hawakujua maana yake. Akasimama mzee mmoja, kibati cha tumbaku mkononi. Ndani hamkuwa na tumbaku, mlikuwa na stakabadhi zake zote za msimu, zimekunjwa ndogondogo. Akaniomba nifungue leja kwenye jina lake. Nikawa nasoma kiingilio kimoja kimoja, yeye anakunjua karatasi na kuilaza mezani. Tulikwenda hivyo hadi ya mwisho, ukumbi mzima kimya. Akazikusanya, akazirudisha kibatini, akasema, "Binti yetu, endelea." Barua ya kuajiriwa na cheti cha chuo nimevihifadhi vizuri, lakini siku ile naikumbuka hadi rangi ya kibati.

Ndiyo maana pale mezani nilishikilia fomu ya saba. Ni binti, meneja wa AMCOS, yaani chama cha msingi cha wakulima, moja ya kahawa huko mlimani, hati safi miaka mitatu mfululizo. Mwenzangu mmoja akasema chama chenyewe ni kidogo. Nikamjibu: wanunuzi binafsi waliporuhusiwa kwenye msimu wa 1994/95, tuliona jinsi mkulima asiyekuamini anavyopeleka gunia lake kwingine siku hiyo hiyo, bila hata kukuaga. Kama wakulima wa binti huyu hawajaondoka, basi wamempima, na kipimo chao ni kigumu kuliko chetu. Tulibishana hadi chai ikapoa. Mwishowe tukakubaliana twende tukamwone kabla ya kuamua.

Tulifika saa mbili asubuhi, siku ya kupokea. Akatuamkia, "Shikamooni wazee wangu," akatuomba radhi tumsubiri, foleni ilikuwa ndefu. Tukakaa kwenye benchi ukutani, chini ya ubao uliobandikwa majina ya wakulima na kilo zao, kila mtu kwa mstari wake. Gunia la kwanza lilikuwa bado chini. Alilipita, akainama, akanyanyua jiwe la mizani kwa mikono miwili, akaliweka juu, akasogea pembeni. Wamama wawili wa mbele wakainamisha vichwa, wakausoma mshale kwa sauti: "Ishirini kamili." Akaliondoa jiwe, akachukua kalamu.